Siku Nne za Ndiga

Vijana wa maabara, mmenisumbua tangu siku ya keki. "Mama Skola, andika. Usituondokee na mambo yote kichwani." Haya, nimeandika. Mkitafuta humu habari za vyeo na mishahara mtakuwa mmeshika karatasi za mtu mwingine. Saa ya ukutani mliyoniaga nayo inakwenda mbele kwa dakika saba. Nimeiacha hivyo hivyo. Nimewahi kazini maisha yangu yote, sioni sababu ya kuanza kuchelewa nikiwa nyumbani kwangu.

Siku ya kwanza nilitoka Viwanja Sitini, hapa hapa Ifakara, kwa miguu, masika yamekolea, viatu nimevibeba mkononi ili nisivichafue. Aliyenipokea alikuwa Mzee Alfonsi, fundi mkuu wa maabara, mfupi, amevaa koti jeupe ambalo vifungo vyake vitano vilitoka kwenye makoti matano. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia huku anaitazama miguu yangu yenye tope. "Marahaba. Bomba liko kule. Ukishajiosha wewe, utaosha chupa." Nikaosha chupa wiki tatu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita kwa masomo ya sayansi, kichwa kimejaa kanuni, na mtu mzima huyu anashikilia chupa yangu kwenye mwanga wa dirisha na kusema, "Rudia." Nililia mara moja, chooni. Siku hizi nawaona ninyi mnakwenda kulia kulekule na huwa najifanya sijui.

Wiki ya nne akanipa kazi ya kweli. Tulikuwa na protini iliyotolewa kwenye damu, imejaa chumvi, na chumvi ile ilitakiwa iondoke. Ninyi mnaijua kazi hii, lakini namwandikia hata yule wa nyumbani. Unachukua mfuko mwembamba, laini kama utumbo wa kuku, wenye vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Protini ni kubwa, haipiti. Chumvi ni ndogo, inapita. Unafunga mfuko, unautumbukiza kwenye jagi la maji, unasubiri. Mzee Alfonsi alinionyesha Ijumaa, akaniambia nibadilishe maji kila baada ya saa kadhaa, mara nne, kisha akaenda zake kwenye mazishi Mahenge. Mimi nikawaza, ya nini kuhangaika? Nikiuacha siku tatu mfululizo si utakuwa msafi zaidi? Nikaweka maji mara moja tu, nikaenda nyumbani, Jumapili nikaimba kanisani kwa moyo mweupe.

Jumatatu Mzee alipima. Chumvi imejaa tele.

"Uliyabadilisha maji?"

"Hapana mzee, lakini nimeloweka siku tatu nzima!"

"Hata ungeloweka mpaka Pasaka." Akanivuta kiti, na hakukasirika, jambo lililoniuma zaidi. "Sikiliza, binti. Chumvi inatoka, inaingia kwenye maji. Maji nayo yakishashiba, inayotoka na inayorudi zinalingana. Basi imeishia hapo. Siku hazisafishi kitu. Kinachosafisha ni maji mapya."

Nimeyakumbuka maneno hayo nilipokuwa nafua, nilipokuwa naosha mchele, na mara moja nilipokuwa nagombana na marehemu mume wangu. Siku hizo sikujua kwamba kuna mtu aliyekufa na aibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia maneno hayo.

Miaka ikaenda. Nilijifunza kwamba friza letu kubwa lina tabia ya kutofunga mlango vizuri mpaka ulipige teke pale chini upande wa kushoto, na teke hilo nimewarithisha. Nilijifunza kwamba pipeti ya kuazimisha hairudi. Siku nilipotoa DNA ya mbu kwa mikono yangu, nikaona kale kauzi keupe kanajizungusha kwenye kijiti cha kioo, nilimwita kila mtu hadi mlinzi. Mlinzi akatazama sana, akasema, "Kwa hiyo haka ndiko kanakotuletea homa?" Nikamwambia hapana, haka ni maagizo tu ya kumtengeneza mbu. Akatikisa kichwa. "Basi kachome moto." Mzee Alfonsi alistaafu akaniachia koti lake. Nililivaa likiwa fupi hivyo hivyo, na vifungo vyake sikubadilisha hata kimoja.

Sasa nifike kwa Neema, maana najua ndiye mnayetaka kusikia habari zake.

Neema alikuja kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam, kufanya utafiti wa shahada ya pili, miaka ile simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia Ifakara na watu wanapanda juu ya matofali kutafuta mtandao. Mwembamba, mcheshi, anakula wali kama mkulima wa Mlimba. Alitaka kuichunguza ndiga. Ndiga ni kiazi cha porini, kinafanana na kiazi kikuu, ila kina sumu. Watu wa huku wanakila wakati wa njaa, baada ya kukikatakata na kukiloweka mtoni siku nne. Swali la Neema lilikuwa moja: kwa nini siku nne? Alidhani sumu ile imeng'ang'ania protini za kiazi chenyewe, na protini inaiachia kidogo kidogo. Alitaka kuipata protini hiyo ikiwa bado imeishika sumu yake.

Wenyeji wakatuelekeza kijiji cha Kisawasawa, kwa Bibi Paskalia, ambaye kwa ndiga hana mpinzani. Tukamkuta anapepeta mpunga. Bibi wa miaka sabini na ushee, jicho moja lina ukungu, lile jingine linafanya kazi ya mawili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Huyu mwembamba ni nani? Kwao hakuna chakula?"

Neema akacheka, akamweleza shida yake yote: anataka ndiga yenye sumu, haijapikwa, haijalowekwa. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, acheni kikapu, rudini baada ya wiki mbili. Tukarudi, tukapewa vipande vikavu, vyeupe, vimepangwa vizuri kwenye kikapu. Neema akafurahi, maana vipande vikavu haviozi njiani.

Tukaanza kazi. Kusaga, kuchuja, kuzungusha kwenye mashine, kuivuta protini kwa umeme ndani ya jeli, kuipaka rangi. Protini ikaonekana, mstari wa bluu mzuri kabisa. Sumu, hakuna. Kulikuwa na dawa ya kupimia, unadondosha kwenye karatasi: penye sumu linatokea doa jekundu kama tofali, pasipo na sumu karatasi inabaki manjano. Kwetu manjano, manjano, manjano. Neema akabadilisha dawa. Manjano. Tukarudi kwa Bibi Paskalia, akatupa kikapu cha pili kwa ukarimu uleule na kuku juu yake. Manjano.

Miezi mitano ikapita hivyo. Barua ikaja kutoka kwa msimamizi wake wa chuoni, ya adabu sana na yenye kuumiza sana: kama mwezi wa tisa ukiisha bila matokeo, afunge utafiti arudi. Hapo hakuna shahada, na nafasi ile ya masomo asingeipata tena. Neema alinisomea kwa sauti, akaikunja, akaiweka mfukoni. Akasema, "Labda kweli sijui kazi, Mama Skola." Yule mtoto mcheshi akaacha kucheka, akaacha hata wali.

Na mimi nilikuwa na dhambi yangu. Kile kikapu cha kwanza kilipokuwa kwenye friza, asubuhi moja nilikuta mlango umebaki wazi kidogo. Ni mimi niliyeufunga jana yake. Niliupiga teke nikanyamaza. Nikawa kila nikiona manjano najiambia, Skolastika, umemwulia mtoto wa watu kazi yake. Niliibeba siri ile wiki baada ya wiki kama jiwe kwenye kiatu. Mwishowe nikamwita nje, tukakaa kwenye ngazi, nikamwambia. Nilitegemea anitukane. Alinishika mkono, akasema, "Mama, na kikapu cha pili je? Hicho si hakikupata shida?" Kweli. Hofu ilikuwa imenifanya mjinga. Kikapu tulikuwa tumemwachia Bibi atujazie mara ya tatu; tukaamua kwenda Kisawasawa kabla ya wiki zake mbili kuisha, safari hii bila kutuma salamu kwanza.

Nyumbani kwa Bibi tukaambiwa yuko mtoni. Tukashuka. Tukamkuta ameinama kwenye kijito kinachotoka milimani, sketi ameikunja magotini, na ndani ya maji, kimefungwa kwa kamba kwenye jiwe, kikapu chetu. Kikapu chetu kilekile, kimejaa vipande vya ndiga, maji yanapita katikati.

Sisi tukatazama kikapu. Bibi akatutazama sisi.

"Mmewahi," akasema.

Neema akakaa chini palepale kwenye majani. "Bibi! Nilikuomba isiyolowekwa!"

"Nilisikia. Sikio langu halina ukungu."

"Mara zote mbili uliloweka?"

"Siku nne, kila mara. Nikaanika. Mjukuu wangu, ulikuja nyumbani kwangu, ukaomba nikupe sumu. Ningekujibu nini? Nikikukatalia, nimemfukuza mgeni. Nikikupa, ukaila?"

"Siendi kuila, bibi, naenda kuipima!"

"Wote husema hawaili. Kisha njaa inakuja."

Jamani, nilitaka kucheka nikataka kulia. Miezi mitano tumetafuta sumu ambayo mwanamke huyu alishaiosha kwa mapenzi. Neema machozi yanamtoka, akamweleza kwamba akikosa ndiga yenye sumu masomo yake yamekwisha. Bibi Paskalia akatoka majini, akakaa kati yetu, akatusimulia kwa nini mkono wake hauwezi kumpa mtu ndiga ambayo haijaoga.

Bibi mzaa baba yake aliitwa Siwema. Wakati wa vita vya Maji Maji, askari wa Mdachi, yaani Mjerumani, walichoma maghala yote ya mpunga bondeni, watu wakakimbilia milimani. Siwema alikimbia na watoto wawili, binti wa miaka sita na mwingine wa kunyonya. Huko juu njaa ikawashika. Akachimba ndiga. Akaikata, akailoweka, akahesabu siku nne, kila asubuhi akifunga fundo kwenye kamba. Siku ya nne akampa binti kwanza, maana chakula hakikutosha wote, naye mama ndiye angekula mabaki. Binti akafa kabla ya jioni.

"Wakasema hakuvumilia siku nne," Bibi akasema. "Wakasema tamaa ya njaa ilimshinda, akamlisha mwanawe siku ya pili halafu akafunga mafundo ya uongo. Ukoo wa mume wakamrudisha kwao na huyo wa kunyonya mgongoni, ndiye baba yangu. Mimi nimemwona bibi huyo nikiwa mdogo. Alikuwa anasema peke yake, akipika, akilima: 'Nilihesabu. Nilihesabu nne.' Ile kamba alizikwa nayo. Na kwetu majina ya mabibi tunawapa wajukuu, lakini hakuna mtoto aliyepewa jina lake. Nani atamwita mwanawe jina la mwanamke aliyeua na kusema uongo?" Akapangusa jicho lake zima kwa pindo la khanga. "Hata mimi sikumwamini. Mungu anisamehe, nilimpenda, lakini sikumwamini."

Neema alikuwa amemshika bega. Mimi nilikuwa nakitazama kikapu, maji yanavyoingia huku na kutoka kule. Kichwani nikamsikia Mzee Alfonsi wazi kabisa.

"Bibi," nikauliza, "huko milimani aliloweka wapi?"

"Kwenye mtungi, ndani ya pango. Angeshukaje mtoni? Askari walikuwa wamekaa kwenye maji yote."

"Na maji ya mtungi aliyabadilisha?"

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Ya nini? Hata ya kunywa walikinga ya mvua kwenye majani."

Nikamgeukia Neema. Naye alikuwa amekwisha kuelewa, mdomo wazi. Hata ungeloweka mpaka Pasaka.

Hatukumwambia Bibi kitu. Mtu hapewi tumaini ambalo halijapimwa, hilo nalo andikeni. Tulimwomba tu mtungi wa zamani. Ndiga alikataa kabisa kutupa. "Mkono wangu haupo hapo. Lakini msitu si wangu." Akatangulia na fimbo, akionyesha shina kwa ncha yake kisha anageuza uso pembeni kana kwamba hajaonyesha kitu, nasi tunachimba. Tukakata vipande sawasawa, kimoja tukakitenga bila kukigusisha maji. Nusu tukaweka kikapuni kwenye kijito, nusu kwenye mtungi ndani ya kibanda, maji mara moja tu. Tukalala kwake siku zote hizo. Kila asubuhi tulichukua kipande huku na kipande kule, tukavitia kwenye chupa zenye barafu, na Bibi akasimama mlangoni kuhakikisha hatuweki kitu mdomoni. Kila siku alitupikia kana kwamba tunakwenda vitani.

Ifakara Neema alifanya kazi bila kukaa. Kile kipande cha kwanza, kabla hakijagusa maji, kilitupa protini ikiwa imeishika sumu yake barabara, kitu alichokuwa anakitafuta tangu alipofika. Alipiga kelele hadi jenereta halikusikika. Nami nikalipiga teke friza, mara mbili, kwa furaha. Lakini nawaambia ukweli, wote wawili tulikuwa tunasubiri ile karatasi ya madoa ya kijito na mtungi.

Mwisho wa wiki tukaipeleka Kisawasawa. Neema akaitandaza juu ya ungo, kwenye jua. Mistari miwili ya madoa, manne juu, manne chini.

"Bibi, hii ya juu ni ya mtoni. Siku ya kwanza, ona, nyekundu. Ya pili, imepungua. Ya tatu, kidogo. Ya nne?"

Bibi akainamisha jicho lake zima karibu kabisa. "Hakuna."

"Hakuna. Sasa hii ya chini ni ya mtungini. Ya kwanza?"

"Nyekundu."

"Ya pili, ya tatu?"

"Nyekundu, nyekundu." Kidole chake kikafika kwenye doa la nne kikasimama. "Na hii ni siku ya ngapi?"

"Ya nne, bibi. Sumu ikishatoka kwenye kiazi, maji ya mtoni yanaichukua yanakwenda nayo. Ya mtungini yana pa kwenda? Yanaishika yanairudisha. Hata angefunga mafundo kumi."

Ungo ulikuwa magotini pa Bibi, amekizuia kidole palepale kwenye doa la nne, kama mtu anayeogopa litafutika.

"Kwa hiyo alihesabu," akasema.

"Alihesabu, bibi."

"Nne."

"Nne kamili."

Akainua uso, akaita kwa sauti ambayo sikujua anayo. Wakatoka jikoni, wakatoka shambani, wana, wakwe, wajukuu, mmoja wa wajukuu akiwa na mimba kubwa. Akawaonyesha doa moja moja, akawasomesha kama mwalimu, akimfinya sikio anayekosea. Walipofika kwenye la nne alilia kwa sauti, kilio kile cha msibani, na wanawake wote wakalia naye. Mtu aliyekufa miaka mingi hivyo, siku ile ndiyo alililiwa vizuri. Neema na mimi tukalia pia, sijui kwa haki gani, lakini hakuna aliyetuuliza.

Neema alipata shahada yake, na nyingine juu yake. Anafundisha. Kitabu chake cha utafiti kipo kwenye kabati la maabara, rafu ya pili, na kwenye ukurasa wa shukrani jina langu limekosewa herufi moja, lakini jina la Siwema liko sawa. Bibi Paskalia tulimzika miaka sita baadaye. Mpaka anakufa hakuwahi kumpa mtu ndiga ambayo haijaoga, na aliniambia sayansi yangu isimletee mazoea.

Nimalizie na wiki yangu ya mwisho, maana ninyi mlikuwa mnahangaika na keki hamkuona. Alikuja mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili, amepangiwa mazoezi ya kazi kwetu. Mvua ilikuwa imenyesha, amebeba viatu mkononi. Akaniamkia. Nikamwonyesha bomba, akanawa miguu. Nikafungua daftari la wageni, nikamwomba aandike jina na anakotoka. Aliandika taratibu, mwandiko mzuri wa duara: Siwema. Kisawasawa.

Nilijifanya natafuta miwani. Kisha nikampa jagi, na mfuko, na lile koti fupi lenye vifungo vitano.

"Utabadilisha maji mara nne," nikamwambia.

"Najua, mama," akasema. "Kwetu wote tunajua."